Rimu kubwa si tairi kubwa: Ya kupima kabla ya kubadili magurudumu ya gari la michezo la zamani

Na Mwandishi Wetu

WAMILIKI wa magari ya michezo ya zamani, ambao hutumia miaka na fedha nyingi kuyakarabati hadi yakarejea katika hali nzuri, mara nyingi huhitimisha kazi hiyo kwa jambo moja: kuondoa magurudumu madogo yaliyotoka nayo kiwandani na kufunga makubwa zaidi.

Jambo hilo huonekana jepesi. Nati nne zinafunguliwa, gurudumu la zamani linatoka, jipya linaingia, na gari linapata sura mpya kabla ya saa ya chakula cha mchana.

Hata hivyo, hakuna badiliko dogo linalogusa sehemu nyingi za gari kwa wakati mmoja kama hilo. Magurudumu yakibadilika, hubadilika pia usukani, breki, nguvu ya gia, usomaji wa spidomita, mzigo unaobebwa na beringi na nafasi iliyopo kati ya tairi na bodi.

Aidha, badiliko linaloweza kuvumilika katika lami ya Dar es Salaam au Mwanza linaweza kumkwamisha mwenye gari pale lami inapokoma. Makala haya yanaeleza mambo ya kupima kabla ya kununua rimu na matairi, na yanatumia mifano miwili: gari la Datsun 240Z, lililojijengea jina katika barabara za Afrika Mashariki, na barabara za vumbi za Kata ya Bukundi, wilayani Meatu, mkoani Simiyu.

Kwa nini Datsun 240Z

Datsun 240Z ni gari la milango miwili lililoanza kutengenezwa nchini Japan mwaka 1969. Lina injini ya silinda sita zilizopangwa katika mstari mmoja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, na uzito wake ni zaidi kidogo ya tani moja.

Mwaka 1971 gari hilo lilishinda mashindano ya East African Safari likiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na msoma ramani wake, Hans Schüller. Mwaka 1973 lilishinda tena, safari hiyo likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Lofty Drews. Mehta na Harry Källström, aliyeendesha Datsun nyingine, walimaliza wakiwa na pointi sawa za adhabu, na mshindi akapatikana kwa kanuni ya kutenganisha waliofungana.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 na katika miaka yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalijulikana kwa tope, mawe na vumbi kuliko kwa mwendo wa kasi peke yake, na magari mengi yaliyoanza hayakufika mwisho.

Tangu mwaka 2003 yamekuwapo pia mashindano ya East African Safari Classic, yaliyoanzishwa kwa ajili ya magari ya zamani, ambayo katika matoleo kadhaa yameingia Tanzania. Mwaka 2011 yalishindwa na Björn Waldegård na mwanawe, Mathias, wakiwa na Porsche 911. Nchini Japan, wafanyakazi wa Nissan walilifufua mwaka 2013 gari la 240Z lililoshinda mwaka 1971.

Kwa mwenye gari la namna hiyo, historia hii ina funzo moja la kiufundi. Magari yaliyoshinda katika barabara mbovu hayakupata uwezo huo kwa kufungiwa rimu kubwa. Porsche 911 za mashindano ya Safari Classic hutumia rimu za inchi 15, ukubwa ambao leo huonekana mdogo hata kwa gari la kawaida la familia. Kilichoongezwa ni kimo cha ubavu wa tairi, uimara wa tairi lenyewe na urefu wa mwendo wa springi na shokabu.

Rimu na tairi ni vitu viwili

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuchukulia kwamba rimu kubwa maana yake ni gurudumu kubwa. Sivyo. Ukubwa wa gurudumu zima ni kipenyo cha rimu pamoja na ubavu wa tairi mara mbili, yaani wa juu na wa chini.

Maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi yanatoa hesabu hiyo. Tairi lililoandikwa 195/70 R14 lina upana wa milimita 195, ubavu wenye kimo cha asilimia 70 ya upana huo, na linaingia katika rimu ya inchi 14. Inchi moja ni milimita 25.4.

Datsun 240Z ilitoka kiwandani na tairi la 175 R14. Matairi ya enzi hizo hayakuandikwa asilimia ya ubavu, lakini kwa kawaida huhesabiwa kuwa asilimia 82. Hesabu inakuwa hivi: asilimia 82 ya 175 ni milimita 143.5, mara mbili ni 287, rimu ya inchi 14 ni milimita 355.6, jumla ni takriban milimita 643.

Kwa kutumia hesabu hiyo, matairi yafuatayo yanaweza kulinganishwa na la kiwandani:

- 195/70 R14: kipenyo milimita 629, ubavu milimita 137. Gurudumu limepungua kwa asilimia 2.2.

- 205/60 R15: kipenyo milimita 627, ubavu milimita 123. Limepungua kwa asilimia 2.4.

- 225/45 R17: kipenyo milimita 634, ubavu milimita 101. Limepungua kwa asilimia 1.3.

- 205/70 R15: kipenyo milimita 668, ubavu milimita 143.5. Limeongezeka kwa asilimia 4.

- 215/75 R15: kipenyo milimita 704, ubavu milimita 161. Limeongezeka kwa asilimia 9.5.

Orodha hiyo inaonyesha jambo ambalo macho hayalioni dukani. Rimu ya inchi 17, iliyo kubwa kuliko zote hapo juu, inatoa gurudumu dogo kidogo kuliko la kiwandani. Kilichoongezeka ni chuma. Kilichopungua ni mpira na upepo uliomo ndani yake, kwa zaidi ya milimita 42 kila upande.

Barabara za Bukundi zinadai nini

Kata ya Bukundi ipo katika Wilaya ya Meatu, moja ya wilaya za Mkoa wa Simiyu, ambao ulianzishwa mwaka 2012 na makao makuu yake yapo Bariadi. Anayetoka Shinyanga kwenda Bariadi hupita barabara ya lami ya Mwigumbi, Maswa hadi Bariadi. Anayeelekea maeneo ya ndani ya Meatu hukutana na barabara za udongo na changarawe.

Wasukuma wana majina ya udongo wa nchi yao, na majina hayo yana manufaa kwa dereva. Luseni ni udongo wa kichanga, ambao hupatikana maeneo ya juu. Mbuga ni udongo mweusi mzito wa mabondeni, unaofaa kwa mazao lakini unaotisha kwa magari.

Mbuga ikiwa kavu hupasuka na kuacha mifereji migumu iliyochongwa na magurudumu ya magari yaliyopita wakati wa mvua. Ikilowa, huteleza na kunata. Tope lake hushika tairi, hujaa kati ya tairi na bodi, na gurudumu huweza kushindwa kuzunguka hata kama injini ina nguvu.

Kwa sababu hiyo, nafasi iliyobaki chini ya madigadi si suala la urembo. Tairi linalopita kwa nafasi ya kidole kimoja jijini litakuwa halina nafasi kabisa baada ya mita mia chache za mbuga iliyolowa.

Katika changarawe hatari ni nyingine. Tairi linapogonga jiwe au ukingo wa shimo, ubavu hubonyea na kulipunguzia rimu pigo. Ubavu wa milimita 143 una nafasi ya kubonyea. Ule wa milimita 101 unayo ndogo, na mpira huweza kubanwa kati ya jiwe na rimu hadi nyuzi zake za ndani zikakatika. Dalili yake ni uvimbe unaojitokeza ubavuni, na tairi la namna hiyo halifai tena kutumika.

Rimu nayo huumia. Rimu ya chuma ikigongwa kwa kawaida hupinda, na fundi wa kijijini huweza kuinyoosha kwa nyundo kiasi cha kumfikisha mwenye gari mjini. Rimu ya aloi ikipata pigo kubwa huweza kupasuka, na ufa wake haurekebishiki kando ya barabara.

Nafasi chini ya madigadi

Kipimo cha kwanza ni ofseti, yaani umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wa rimu unaogusana na habu. Umbali huo huandikwa kwa milimita, aghalabu baada ya herufi ET.

Ofseti ikipungua, gurudumu husogea nje. Rimu yenye ofseti ya 25 ikibadilishwa na yenye ofseti ya 0, gurudumu litasogea nje kwa milimita 25. Upana nao huongeza pande zote mbili: rimu ya inchi 4.5, kama ile ya 240Z za mwanzo, ikibadilishwa kwa ya inchi 7 yenye ofseti ileile, kila upande utaongezeka kwa takriban milimita 32.

Kwa 240Z kuna kizuizi kinachojulikana upande wa ndani. Springi imekaa juu ya kikalio kilichochomelewa katika mguu wa shokabu, na kikalio hicho kipo karibu na tairi. Tairi pana huligusa bomba la shokabu. Tairi refu hugusa kikalio chenyewe.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Kuweka vipande vya kuinua bodi juu ya mguu wa shokabu huongeza nafasi kati ya tairi na madigadi, lakini hakuongezi chochote kati ya tairi na kikalio cha springi, kwa kuwa vitu hivyo viwili hupanda na kushuka pamoja. Tairi lililogusa kikalio kabla ya gari kuinuliwa litaendelea kukigusa baada ya kuinuliwa.

Njia ya uhakika ya kupima ni hii. Gari liwekwe juu ya stendi imara, springi ya gurudumu moja itolewe na fundi mwenye ujuzi, kisha gurudumu jipya lifungwe na kuinuliwa kwa jeki taratibu hadi mwisho wa mwendo wake. Katika kila hatua usukani uzungushwe hadi mwisho kulia, kisha kushoto.

Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua. Kazi ya kuitoa isifanywe bila kifaa maalumu cha kuikaza.

Gari linapopimwa likiwa limesimama tu, bila kubanwa, jibu huwa la uongo. Tairi linalozunguka vizuri gereji huweza kukata bodi, au kukatwa nayo, gari likitumbukia shimoni likiwa na abiria wawili na mizigo.

Spidomita na tochi ya trafiki

Spidomita ya gari la zamani haihesabu mwendo wa gari. Huhesabu mizunguko ya giaboksi kupitia waya. Gurudumu likiwa kubwa, gari husafiri umbali mrefu zaidi kwa kila mzunguko, nayo spidomita haina habari.

Gurudumu la kiwandani la 240Z huzunguka takriban mara 495 kwa kilomita moja. La 215/75 R15 huzunguka takriban mara 452. Maana yake ni kwamba sindano ikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda karibu kilomita 88.

Katika maeneo ya makazi, ambako Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa, dereva anayeiamini sindano yake atakuwa katika kilomita 55. Tochi ya askari wa usalama barabarani haitazami sindano ya dereva.

Kinyume chake, gurudumu likiwa dogo kidogo, spidomita huonyesha zaidi ya mwendo halisi. Kwa tairi la 195/70 R14, kilomita 100 katika sindano ni takriban kilomita 98 barabarani.

Katika 240Z kosa hilo linaweza kupunguzwa kwa kubadilisha kigia kidogo cha plastiki kinachozungusha waya wa spidomita kwenye giaboksi, kwa kuwa vilitengenezwa vyenye idadi tofauti ya meno. Tofauti iliyo chini ya asilimia 3 kwa kawaida huachwa. Inayokaribia asilimia 10 haifai kuachwa.

Nguvu, breki na usukani

Gurudumu kubwa ni sawa na gia ndefu. Kwa tairi la 215/75 R15, nguvu ya kusukuma inayofika ardhini hupungua kwa karibu asilimia 9 katika kila gia. Katika barabara tambarare dereva huenda asiitambue tofauti hiyo, lakini katika mlima, mchanga au tope, clachi ndiyo italipa deni.

Breki nazo hupata kazi kubwa zaidi. Diski inabaki na ukubwa uleule ilhali mkono wa gurudumu unaoipinga umerefuka. Aidha, rimu na tairi zito huhitaji nguvu zaidi ili kusimamishwa, kwa kuwa uzito wake uko mbali na katikati ya mzunguko.

Gari lililotengenezwa zaidi ya miaka 50 iliyopita, lenye diski mbele na ngoma nyuma, halina akiba kubwa ya kutoa. Kabla ya kufunga magurudumu mazito, breki zinapaswa kuwa katika hali kamili: mipira ya silinda, mabomba na mafuta yake vyote viwe vimekaguliwa.

Kuhusu usukani, 240Z haina msaada wa pawa. Tairi pana huongeza uzito wa usukani, hasa gari linapoegeshwa. Gurudumu lililosogezwa nje nalo humpa dereva kila pigo la barabara mikononi, kwa kuwa sehemu ya tairi inayoshika ardhi imekwenda mbali na mhimili ambao gurudumu huzungukia linapokata kona.

Pigo hilo haliishii mikononi. Tairodi, boljointi, bushi na beringi za magurudumu hubeba mzigo ambao hazikutengenezewa. Spesa, yaani sahani zinazowekwa kati ya rimu na habu ili kulisukuma gurudumu nje, huongeza tatizo hilohilo, na zile zinazopunguza urefu wa nyuzi zinazoshikwa na nati ni za hatari.

Stadi, nati na tundu la katikati

Stadi za 240Z ni nne, zilizopangwa katika duara lenye kipenyo cha milimita 114.3. Kuna rimu nyingi za matundu manne zenye duara la milimita 100, na zipo fundi hulazimisha ziingie kwa kukaza nati kwa mshazari. Rimu iliyofungwa hivyo haikai sawasawa, na stadi zake hupinda hadi zikakatika.

Tundu la katikati ya rimu nalo linapaswa kulingana na habu. Likiwa pana zaidi, bangili maalumu ya kuziba nafasi hiyo hutumika ili gurudumu likae katikati. Bila hivyo gari hutetemeka hata kama matairi yamepimwa balansi.

Nati za rimu za chuma na za rimu za aloi si lazima zifanane. Baadhi hukaa kwa umbo la koni, nyingine kwa washa bapa. Nati ya koni ikifungwa katika tundu la washa bapa hugusa sehemu ndogo tu ya chuma, kisha hulegea.

Baada ya kufunga rimu mpya, nati zinapaswa kukazwa tena gari likishatembea kilomita 80 hadi 100. Anayetoka Mwanza asisubiri hadi afike Meatu.

Umri wa tairi na uwezo wake

Gari la maonyesho hutembea kidogo, hivyo matairi yake huzeeka kabla ya kulika. Mpira hukauka, hupata nyufa ndogo ubavuni, na huweza kuachana na nyuzi zake gari likiwa katika mwendo.

Kwa matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000, tarehe huonekana katika tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Tarakimu 2319 zina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye tarakimu tatu tu lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na halifai barabarani hata kama mpira wake unaonekana mpya.

Alama nyingine ni ya uzito na mwendo. Katika 91H, namba 91 ina maana kwamba tairi moja linabeba hadi kilo 615, na herufi H kwamba linahimili hadi kilomita 210 kwa saa. Herufi S ni kilomita 180. Anayebadili tairi asishuke chini ya viwango vilivyowekwa na kiwanda kwa gari lake.

Upepo nao upimwe upya. Kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari kilikusudiwa tairi la awali. Tairi la ubavu mfupi haliwezi kupunguzwa upepo katika mchanga kama lile la ubavu mrefu bila kuihatarisha rimu.

Spea na pancha

Mpira wa akiba husahaulika hadi siku unapohitajika. Katika 240Z spea hukaa katika shimo maalumu sakafuni mwa sehemu ya mizigo, na shimo hilo lilipimwa kwa tairi jembamba la inchi 14. Gurudumu pana au refu zaidi huweza kutoingia.

Kubeba spea ndogo ya kiwandani huku magurudumu manne mengine yakiwa makubwa ni suluhisho la kufika gereji iliyo karibu tu. Likifungwa nyuma, magurudumu mawili yanayovuta yatakuwa na ukubwa tofauti, na difu itafanya kazi isiyokoma katika barabara iliyonyooka.

Kwa anayekwenda vijijini, upatikanaji ni kigezo chenye uzito sawa na kipimo chochote. Matairi na tyubu za inchi 14 na 15 hutumiwa na magari mengi ya kawaida na pikapu, hivyo huwa rahisi zaidi kupatikana katika miji midogo. Tairi la 225/45 R17 ni la kuagizwa mjini.

Uamuzi upi unafaa

Kwa gari linalobaki mjini, rimu ya inchi 15 yenye tairi la 205/60 ni badiliko la wastani: linaongeza mshiko, halibadilishi spidomita kwa kiasi kikubwa, na breki hazilemewi. Rimu ya inchi 16 au 17 inawezekana kwa anayependa sura hiyo, mradi ofseti imepimwa na barabara zake ni za lami.

Kwa gari linalotarajiwa kufika Bukundi au mahali panapofanana napo, jibu ni kinyume na mtindo uliopo. Rimu ibaki ya inchi 14 au 15, iwe imara, ikiwezekana ya chuma. Ubavu wa tairi uwe mrefu. Na upana usizidi unaohitajika. Tairi la 205/70 R15 lina ubavu sawa na wa kiwandani na linaliinua gari kwa takriban milimita 13, lakini lisinunuliwe kabla nafasi ya kikalio cha springi haijapimwa.

Anayehitaji kuinuka zaidi ya hapo asitafute jibu katika matairi peke yake. Springi na shokabu ndizo za kuanza nazo, pamoja na bamba la chuma la kulinda tangi la oili la injini.

Iwapo badiliko lolote limefanyika, ni busara kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi, kwa sababu gari lililogongana likiwa na magurudumu ambayo hayamo katika maelezo yake huibua maswali wakati wa madai. Sheria nayo inalitaka kila gari linalotumika barabarani liwe katika hali salama, na tairi linalojitokeza nje ya madigadi na kurusha mawe ni rahisi kuonwa na askari.

Mwisho, magurudumu ya awali yasiuzwe, na madigadi yasikatwe ili kuipa nafasi rimu ambayo kesho mwenye gari anaweza kuichoka. Rimu hubadilishwa ndani ya saa moja; bodi ya gari lililoacha kutengenezwa miongo mingi iliyopita ikishakatwa, hakuna duka linalouza nyingine.